Lile la Manjano

Alhamisi, ghorofani juu ya duka la chipsi,
tunasogeza meza mbili mpaka zigusane.
Haziishi kuachia ufa wa unene wa kidole,
nao tumeupa jina: Korongo.
Hakuna aliyewahi kuuvuka salama.

Mvua ya Wales haina haraka. Inagonga dirisha
kama mdai aliyezoea kuambiwa njoo kesho.
Harufu ya siki hupanda ngazi kabla ya watu.

Kisha makopo ya biskuti yanafunguliwa.
Gethin anatoa lori la maziwa lenye meno:
wembe butu, kaukata kwa koleo, kaubandika kwa gundi.
Nerys hujenga kutu. Ndiyo, huijenga:
sifongo, rangi ya kahawia, majani ya chai yaliyokauka,
hata gari la juzi dukani
lionekane limezikwa miaka thelathini, likafukuliwa jana.
Mimi nina gari la wagonjwa,
na paani springi ya kalamu, ambayo naiita mzinga.
Mzinga huo haujampiga mtu bado.

Na Emrys ana lile la manjano.
Halina bunduki. Halina bamba.
Lina mkwaruzo mmoja, mlango wa kushoto,
aliouchora kwa ncha ya sindano, pumzi kaibana,
kwa kuwa lile la kweli, la kaka yake Idwal,
lilikwaruzwa papo hapo.
Idwal, mtu wa tanuru, enzi tanuru likiwaka.
Alikufa Februari, kitandani, si barabarani.
Emrys hulisema hilo kama anayedai chenji yake.

Basi ikawa hivyo: la manjano halipigwi.
Hakuna aliyetunga sheria.
Dadu zikitoka vizuri, tepu ya kupimia ilipinda kidogo,
tukasema, "Masafa hayafiki,"
na majuma matano mfululizo Emrys akashinda,
akaandika jina lake ubaoni kwa chaki
bila kumtazama mtu.

Juma la sita akapanda Mabli,
mjukuu wa mwenye duka, miaka kumi na miwili,
unga wa kukaangia samaki ungali kwenye nyusi.
Alikuja na gari la aiskrimu la waridi,
na kijiko cha chai kilichokunjwa kuwa manati.
"Lile la mbele la nani?"
La Emrys.
"Nalifikia?"
Tukanyamaza. Akapima mwenyewe.

Gia tano akashika,
kopo la soda karuka,
mkia ukazunguka,
akavuka korongoni.

Dadu sita katikisa,
roho zetu kazitesa,
sita nne, hakukosa,
manjano likawa chini.

Friji ya duka ilisikika hadi juu.
Gari lilikuwa chali,
gurudumu moja likizunguka, halina habari.
Nerys akafunga kopo lake la rangi, lililokuwa limefungwa.
Mabli alitutazama mmoja mmoja,
akiutafuta usoni mwetu ule mstari alioukanyaga.

Emrys akaliokota. Akaliweka kiganjani.
"Mapigo mangapi?"
"Manne."
"Na uhai ulikuwa minne," akasema. "Hesabu ni hesabu."
Kisha bega lake likaanza kutikisika,
nasi tukadhani ni lile tulilolikwepa majuma yote,
kumbe anacheka, mzee mzima, mpaka akakohoa.
"Idwal angekutukana mpaka mlangoni, binti,
halafu angekununulia chipsi."
Akatugeukia sisi.
"Na ninyi. Majuma matano.
Nimekuja mbio za magari, mmenikalia matanga."

Hatukuwa na la kujibu.
Gethin alishuka kununua chipsi, za watu watano.

Alhamisi iliyofuata la manjano lilirudi
na alama ya moto ubavuni, hakuifuta,
na mirija miwili ya kalamu juu ya boneti.
Pigo lake la kwanza kabisa
liling'oa gurudumu la gari langu la wagonjwa.
Nilifurahi
kuliko inavyompasa mtu anayeshindwa.